Shikamoo ya Pili

Wanangu mnaoanza uzamili wa uuguzi mwaka huu, shule yenu imeniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu uongozi. Nilikuwa nimeshaanza. Nilikuwa naandika kitu kizito, chenye vichwa vya habari na maneno marefu, kama tulivyozoea pale chuoni, na nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu. Ikaja Jumanne, nikaenda zahanati, nikarudi nikachana zote tatu. Sasa naandika nimesimama jikoni kwa sababu kukaa siwezi, na kuku wangu wananishangaa tangu juzi maana nawasimulia wao pia.

Ya Jumanne nitayasema mwisho. Na mkiruka kwenda kuyasoma sasa hivi nitajua. Wanafunzi wa uzamili nawafahamu, mnasoma ikhtisari na hitimisho, katikati mnamwachia Mungu.

Mimi ni Naomi. Nimekuwa muuguzi, halafu mwalimu wa wauguzi, halafu mkuu wa idara ya uzamili katika shule yenu hiyo hiyo, na sasa nimestaafu, nalima vitunguu na alizeti hapa Kinampanda. Waliopita kwangu waliniita Mwalimu mbele yangu. Nyuma yangu waliniita Kalamu Nyekundu, na walidhani sijui.

Kalamu hiyo ndiyo iliyotaka kuniponza.

Siku moja aliniletea mada ya tasnifu mwanafunzi anaitwa Zuhura. Mzaliwa wa Kintinku, baba yake mfugaji, na alikuwa amefanya kazi wodini miaka sita kabla ya kuja kusoma. Msichana mpole, anaongea kwa sauti ya chini mpaka unainamisha kichwa kumsikiliza. Alitaka kuchunguza kwa nini muuguzi kijana anayepewa uongozi wa wodi hushindwa kumrekebisha muuguzi mzee anapokosea. Nikamwambia mada ni pana, akaipunguze. Akaenda wodini kwa mafunzo ya uongozi, wiki nane katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja, na kutoka huko akanitumia mada mpya. Sasa ilihusu shikamoo.

Hebu niwaeleze, ingawa nyote mmekulia kwenye shikamoo. Kule wodini kwake alimkuta Sista Veronika, muuguzi wa siku nyingi, mtu mzima kuliko hata mimi. Sista Veronika alimfahamu mama yake Zuhura. Alimwita Zuhura "mtoto wetu" mbele ya wagonjwa. Na huyo mtoto ndiye aliyetumwa na chuo kikuu kuja kumwongoza. Ukiwa umelelewa huku kwetu unaelewa shida iko wapi. Unamwambiaje mtu wa umri wa mama yako, ambaye umemwamkia asubuhi ukiwa umeinama kidogo, kwamba anakosea?

Zuhura alinieleza baadaye kwamba siku tatu za kwanza aliona mambo akameza. Siku ya nne Sista Veronika alikuwa anamtundikia mgonjwa chupa ya damu bila mtu wa pili kuisoma lebo. Zuhura akafungua mdomo aseme, sentensi ikagoma kutoka. Kitu pekee kilichotoka ni kile ambacho ulimi wake ulikuwa umekizoea mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, Sista."

Sista Veronika akasimama na ile chupa mkononi. "Marahaba. We mtoto, si umeniamkia saa moja asubuhi? Una nini?"

"Hiyo damu, Sista. Tuisome wote wawili."

Wakaisoma. Ilikuwa sawasawa, damu ya mgonjwa yule yule. Lakini Sista Veronika alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, halafu akawageukia wauguzi wenzake akatangaza kwamba kuanzia siku ile, mdogo yeyote akimwona anakosea ampe shikamoo ya pili, na yeye ataweka chini alichoshika. Wiki haikuisha, wodi nzima ikawa inafanya hivyo. Mnaelewa uzuri wake? Mdogo hakuvunja adabu, ameamkia tu. Mkubwa hakuaibishwa, ameamkiwa tu. Katikati hapo mkono umesimama.

Zuhura akaandika kwamba anataka kuipima njia hiyo katika wodi kadhaa na kuifanya ndiyo tasnifu yake. Mimi nikashika kalamu nyekundu. Niliandika, nanukuu ujinga wangu mwenyewe: "Hii ni desturi ya nyumbani, si uongozi. Leta kitu chenye vyanzo." Nikapiga mstari chini ya neno vyanzo mara mbili.

Sikujua, au niseme sikuuliza, kwamba ruhusa yake ya masomo ilikuwa inakaribia kwisha. Angelazimika kuanza mada nyingine mwanzo, mwajiri wake angemwita kabla hajamaliza, angerudi kazini bila digrii na ruhusa ya pili asingepewa. Kalamu yangu ilikuwa imeshika miaka yake miwili, na mimi nilikuwa nakunywa chai.

Ngoja nirudi nyuma zaidi, maana kuna jambo ambalo sikuwahi kulisema darasani.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa barabarani, si mbali na Mkiwa, malori yakipita dirishani kutwa. Mfawidhi wetu alikuwa mama mmoja ambaye alinifundisha karibu kila kitu ninachojua kwa mikono. Alinifundisha kupasha viganja moto kabla ya kumshika kichanga. Alinifundisha kuhesabu pumzi za mgonjwa huku nimeshika kifundo cha mkono wake nikijifanya nahesabu mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi anabadilisha upumuaji. Hilo lifanyeni hata leo, pamoja na hivyo vishikwambi vyenu. Enzi zile tulichemsha mabomba ya sindano, na yeye alijua kwa kusikiliza tu sauti ya sufuria kama yamechemka vya kutosha.

Siku moja alimwekea mtoto mdogo dripu, na niliona matone yanakimbia kwa kasi ya mtu mzima. Niliona vizuri kabisa. Nikaanza kupanga sentensi ya heshima. Nikaipanga, nikaipangua, nikatafuta mahali pa kuweka neno samahani. Sentensi ilipokuwa tayari, kope za mtoto zilikuwa zimevimba na anapumua kwa shida. Mfawidhi wetu aliona mwenyewe, akaifunga, tukampakia mtoto kwenye gari kwenda hospitali kubwa. Alipona. Lakini yule mama alijilaumu peke yake kwa miaka, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba niliona kabla. Amefariki bila kujua. Naona aibu ninapoandika hapa.

Sasa niambieni, mtu aliyepita hapo anaipigaje mada ya Zuhura mistari miwili myekundu? Nimejiuliza sana. Nadhani ukishakuwa wewe ndiye mkubwa unayeamkiwa, unasahau upande wa pili ulikuwaje.

Haya. Nikasafiri kwenda kumkagua Zuhura wodini, na nia yangu ilikuwa kumtoa kwenye mambo ya shikamoo na kumpa mada yenye vyanzo. Nilifika saa nne asubuhi nimevaa koti langu jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yangu wanafunzi saba wa shahada ya kwanza wakiwa na madaftari. Mwalimu akishaona madaftari yamefunguliwa, akili inapanda kichwani yote na mikononi haibaki hata kidogo.

Kulikuwa na mama kijana aliyekuwa ameshikwa na kifafa cha mimba, amejifungua asubuhi ya jana yake, yuko kwenye dozi za kila baada ya saa nne za ile sindano ya kuzuia degedege. Nyinyi mnaijua dawa hiyo. Inaokoa, na ikizidi inazima pumzi. Ndiyo maana kabla ya kila dozi unahesabu pumzi dakika nzima, unagonga goti uone mguu unaruka, na unatazama mkojo. Nimelifundisha hilo mara ambazo siwezi kuzihesabu. Nililifundisha asubuhi ile ile, ndani ya gari, nikiwa njiani kwenda pale.

Nikaomba sindano nionyeshe mwenyewe. Nikaanza kuhutubia. Nikaeleza dawa inavyofanya kazi, nikaeleza pa kuchoma, nikamgeuza mgonjwa, nikasafisha ngozi. Zuhura alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Wanangu, nilimwelewa. Sitawadanganya. Nilikuwa nimeisoma karatasi yake wiki moja kabla, nilijua shikamoo ya pili ni nini, na nilikasirika. Nilidhani ananifanyia maonyesho mbele ya wanafunzi ili mada yake ipite. Nikajibu "marahaba" bila kuinua macho, nikaendelea na sindano yangu.

Ndipo nikasikia sauti nyingine, nzito, ya mtu mzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa Sista Veronika.

Someni hapo polepole. Mwanamke aliyenizidi umri, niliyemwamkia mimi mlangoni nilipoingia, ameniamkia mimi shikamoo. Mnajua huku kwetu jambo hilo halipo. Mkubwa hampi mdogo shikamoo, hata kwa utani. Wale wanafunzi saba waliacha kuandika. Bibi mmoja aliyekuwa amekuja kumtazama mgonjwa kitanda cha jirani akashika mdomo. Nami marahaba sikuweza kuitoa, ningeitoaje kwa mtu kama yule? Nilikuwa na njia moja tu. Nikaiweka sindano kwenye sinia.

"Mmeona nini?" nikauliza.

Zuhura akajibu kwa ile sauti yake ya chini. "Goti hujaligonga, Mwalimu. Na pumzi naona kama zimepungua."

Nikaligonga goti. Mguu haukuruka. Nikaligonga tena, nikijua kabisa kwamba sikukosea pa kugonga. Sista Veronika alikuwa ameshamshika mgonjwa kifundo cha mkono, anatazama saa na kifua. Dakika nzima. "Kumi na moja," akasema. Dozi hiyo haitolewi pumzi zikiwa chini ya kumi na sita, hilo mnalijua hata mkiamshwa usingizini. Dawa ya kuikata nguvu ile ya kwanza ilikuwa kwenye sinia, pale ambapo Zuhura aliagiza ikae kila wakati. Daktari akaitwa, oksijeni ikafunguliwa, na mimi nikasogea pembeni kupisha watu wanaofanya kazi.

Yule mama alitoka siku ya tano na mtoto wake mikononi. Zuhura alinitumia ujumbe kuniambia, nikausoma nikiwa kwenye kikao, nikashindwa kufuata kikao.

Lakini siku ile ile ya sindano, mchana, tulikaa kwenye chumba cha chai cha wauguzi, mimi, yeye na Sista Veronika. Hapo ndipo aliponiambia habari ya ruhusa yake kwisha. Nikamuuliza, "Sasa wewe unajua mada yako iko mkononi mwangu, na nimekuja nimenuna. Ungenyamaza si ingekuwa rahisi kwako?"

Akafikiri. "Ingekuwa rahisi, Mwalimu. Ila yule mama alikuwa anapumua vibaya."

Basi. Sista Veronika akammiminia chai, akaniambia mimi, "Wewe nawe, umenifanya nimwamkie mtoto. Nikisimulia nyumbani wataniona nimerukwa." Tukacheka wote watatu, mimi nikicheka na kulia kwa pamoja. Nikatoa karatasi ya Zuhura kwenye mkoba, nikafuta mistari yangu miwili kwa kuikatakata kwa kalamu ile ile nyekundu, na pembeni nikaandika: endelea.

Alifanya utafiti wake vizuri, kwa haraka na kwa uangalifu. Ikafika siku ya kuutetea. Katika tasnifu alikuwa ameandika kisa chetu, lakini jina langu amelificha. Aliandika "mwalimu mmoja mgeni". Mjumbe mmoja wa jopo akavua miwani. Alikuwa mtu mwenye elimu yake na si mbaya, ila hakuamini.

"Mama, mwalimu gani wa uuguzi mwenye akili timamu anasahau kugonga goti? Hiki kisa umekisikia wapi?"

Zuhura akanyamaza. Angeweza kunitaja na swali likaisha, na hakutaka. Kwa utaratibu wa jopo, msimamizi wa mwanafunzi hasemi mpaka aulizwe. Tena wakati ule nilikuwa nimeomba nafasi ya kuwa mkuu wa shule nzima, na wawili kati ya waliokaa mezani ndio waliokuwa wapime maombi. Nilihesabu mambo hayo yote, kwa upesi ambao sijawahi kuhesabu hata pumzi.

Nikasimama. "Shikamooni," nikasema.

Wote wakanigeukia. Wengine walikuwa wadogo kwangu, wakachanganyikiwa wajibu nini.

"Mwalimu huyo ni mimi," nikasema. Nikawaeleza kila kitu, sindano, hotuba, hasira yangu na zile pumzi kumi na moja. Nikakaa. Yule mjumbe akavaa miwani yake, akafungua ukurasa uliofuata, akauliza swali zuri sana kuhusu jinsi wodi nyingine zilivyoipokea njia ile. Zuhura alijibu kwa sauti ambayo, kwa mara ya kwanza, haikunilazimu kuinama.

Alifaulu. Nafasi ya ukuu wa shule sikuipata. Sisemi ni kwa sababu ile, na sisemi si kwa sababu ile. Nililala vizuri.

Sasa Jumanne. Nilikwenda zahanati moja ya huku kwetu kuchukua vidonge vyangu vya presha. Vidonge, sikilizeni. Nikaitwa, nikakaa, nikakutana na muuguzi mmoja mama wa makamo, mchangamfu, tukaanza kuongea habari za vitunguu, ugonjwa unaokausha majani, na mbegu gani inavumilia. Huku anaongea anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Na mimi, mwanamke aliyewaambia wanafunzi maisha yake yote waulize jina la mgonjwa mara mbili, nimekuja kuchukua vidonge, nikakunja mkono wa gauni nikanyoosha mkono. Vitunguu vilikuwa vimeninogea.

Mezani alikuwapo binti mmoja muuguzi, mgeni kazini, bado viatu vyake vyeupe kabisa. Akainua macho kutoka kwenye faili, akamtazama mkubwa wake.

"Shikamoo, mama."

Moyo wangu uliruka. Sijui kama mnaweza kuelewa. Yule muuguzi mkubwa hakukunja uso wala hakuuliza kwa nini. Akaishusha sindano mezani kwanza, kisha akasema, kama mtu anayesema jambo la kila siku, "Marahaba. Umeona nini?"

"Faili ni la Bibi Naomi mwingine. Huyu ameandikiwa vidonge. Na kadi yake inasema hiyo penisilini inamdhuru."

Ni kweli inanidhuru. Mara ya mwisho nilipochomwa nilivimba koo na kulazwa. Yule mama akaitazama sindano, akanitazama mimi, akakaa chini taratibu akaniomba radhi. Nikamwambia asiniombe radhi, na mimi pia nilinyoosha mkono. Nikamgeukia binti.

"Mwanangu, hiyo umefundishwa na nani?"

Akanishangaa kidogo. "Ipi, bibi?"

"Kuamkia mara ya pili."

"Aa, hiyo." Akageuza macho kwa mkubwa wake, kisha kwangu. "Sijui, bibi. Nimekuta tu ndivyo tunavyofanya kazi."

Hakulijua jina la Zuhura wala la Sista Veronika. Hakujua kama kuna tasnifu, wala kwamba kuna kikongwe aliyewahi kuipiga mistari myekundu. Amekuta tu. Wanangu, mnaokuja kusomea uongozi, mkiweza kuanzisha kitu mpaka kikafika mahali watu wanakikuta tu, mje Kinampanda nitawachinjia jogoo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, karibu nikimbie. Nikaingia shambani, nikampigia simu Zuhura, ambaye siku hizi anakalia kiti changu katika idara yenu na ndiye atakayesahihisha kazi zenu, kwa kalamu ya rangi gani sijui. Nikamsimulia yote.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Nikainama kung'oa majani katikati ya vitunguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mkono wangu ukaacha kung'oa majani. "Marahaba. Umeona nini?"

"Nasikia unalia."

Nikamwambia ni vitunguu.